Maisha ya Bibi Florence Nightingale, Mwalimu wa Wauguzi

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Mei wauguzi wa nchi yetu hukutanika, huvaa mavazi yao meupe, huwasha mishumaa na kutamka kiapo chao. Washarika wengi wa Shinyanga na Geita wameiona sherehe hiyo, na baadhi yao wana binti au mjukuu aliyesimama katika safu ile akiwa na mwali mkononi. Ukiuliza sababu ya mwali huo, utaambiwa kwamba ni ukumbusho wa Bibi Florence Nightingale, Mwingereza aliyezunguka usiku katika hospitali ya vita akiwatazama majeruhi. Jibu hilo ni la kweli, ila tunaona kwamba taa ile imewafanya watu wasione kazi yake iliyo kubwa zaidi. Taa aliishika kwa muda usiotimia miaka miwili, na yenyewe ilikuwa fanusi tu ya Kituruki. Kalamu aliishika kwa miaka zaidi ya arobaini baada ya hapo, akiwaandikia wauguzi wanafunzi, akisoma habari zao, akiwaonya na kuwatia moyo, kila mmoja kwa jina lake. Hata kiapo kinachoitwa kwa jina lake hakukitunga yeye; kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893. Basi katika toleo hili tunataka kuandika habari za kalamu ile.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia, wazazi wake wakiwa safarini, na kwa sababu hiyo akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa matajiri, wenye nyumba mbili kubwa Uingereza, moja kusini na moja kaskazini. Baba yake alimfundisha mwenyewe Kigiriki, Kilatini, Kijerumani, Kifaransa na Kiitalia, pamoja na historia na hesabu, mambo ambayo binti wa zama zile hawakufundishwa. Alipokuwa na umri wa miaka 16, mwezi wa Februari 1837, alisadiki kwamba Mungu amemwita katika utumishi wake. Ni utumishi gani hakujua, akangoja miaka mingi.

Alipoanza kufahamu kwamba wito wake ni kuwauguza wagonjwa, nyumbani kukawa na vilio. Tusiwalaumu upesi wazazi wake. Katika Uingereza ya siku zile kazi ya kuuguza hospitalini ilikuwa ya wanawake maskini wasiofundishwa, na wengi wao walisifika kwa ulevi. Mwaka 1845 aliomba ruhusa aende kujifunza katika hospitali ya Salisbury, na wazazi wakakataa kabisa. Mzee wa Kisukuma ambaye binti yake angemwambia kwamba anaacha nyumba ya baba yake aende akapike pombe machimboni angeweza kuwaelewa watu wale.

Mlango ulifunguliwa kwa njia ya kanisa la Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Balozi wa Prussia huko London, Bwana Bunsen, alimpa kitabu cha habari za mwaka za nyumba ya mashemasi wa kike huko Kaiserswerth, kando ya mto Rhine. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1836 na Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike. Fliedner alikuwa mchungaji wa usharika mdogo ulio maskini. Alikwenda Uholanzi na Uingereza kuutafutia fedha, na huko akaona jinsi wanawake wa kanisa wanavyoweza kuwahudumia wafungwa na wagonjwa. Mwaka 1833 yeye na mkewe walimpokea mwanamke aliyetoka kifungoni, wakamlaza katika kibanda cha bustani yao kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine. Miaka mitatu baadaye wakafungua hospitali na kuwaita wanawake wa kanisa waje wajifunze kuuguza. Wa kwanza kuja alikuwa Gertrud Reichardt, binti wa daktari.

Bibi Nightingale alifika Kaiserswerth mara ya kwanza mwaka 1850 akakaa siku chache, akatoa kijitabu cha habari zake bila kutia jina lake. Mwaka uliofuata akarudi akakaa kama miezi mitatu, akifanya kazi pamoja na masista, akila chakula chao na kuamka saa yao. Katika uzee wake alisema waziwazi kwamba uuguzi wenyewe aliouona pale haukuwa kitu, na kwamba usafi ulikuwa mbaya sana. Twasema hivyo kwa kuwa baadhi ya vitabu vya kanisa huficha jambo hilo. Lakini papo hapo alishuhudia kwamba hakupata kuona popote moyo wa kujitoa ulio safi kuliko wa masista wale, na wengi wao walikuwa binti za wakulima.

Basi alijifunza nini, ikiwa uuguzi haukuwa kitu? Twaona ni jambo hili: mahali pale mtu hakuachwa afanye kazi bila kuambiwa jinsi anavyoifanya. Mchungaji alikuwa na desturi ya kuwakusanya masista na kuzungumza nao juu ya wagonjwa waliokabidhiwa, shida walizoziona na namna ya kusema na mtu aliye kitandani. Tena aliwaandikia masista maswali ya kujipima nafsi zao. Dada aliyekuwa mkali kwa mgonjwa hakungoja mwisho wa mwaka ndipo apate habari kwamba amekosa. Siku hizi walimu huliita jambo hili mrejesho. Watu wa Kaiserswerth hawakuwa na neno la pekee kwa jambo hilo. Kwao lilikuwa sehemu ya maisha ya ndugu wakaao pamoja.

Mwaka 1853 akapewa kusimamia nyumba ndogo ya wagonjwa wa kike huko London, na hatuna haja ya kukaa sana hapo. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani na Urusi, na habari zikafika London kwamba askari majeruhi wanakufa kwa kutotunzwa. Waziri wa Vita, Bwana Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki yake, akamwomba aende. Akaondoka mwezi wa Oktoba 1854 pamoja na wanawake 38, akafika Scutari, ng'ambo ya mji wa Konstantinopoli, tarehe 4 Novemba. Huko alikuta kambi kubwa ya askari iliyogeuzwa kuwa hospitali, wagonjwa wamelala sakafuni katika ujia mrefu, hakuna mashuka, hakuna sabuni, hakuna vyombo vya kulia. Aliagiza vitu, alianzisha jiko na dobi, aliwaandikia jamaa za waliokufa, akazunguka usiku na fanusi yake. Askari walimpenda sana, na sifa zake zikaenea katika magazeti yote.

Sasa tufike mahali ambapo waandishi wengi hupita mbio. Katika miezi ile ya kwanza watu hawakuacha kufa, walizidi kufa. Kwa hesabu aliyoitoa yeye mwenyewe baadaye, mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa hospitalini, 42 walikufa. Mwezi wa Machi ikaja tume ya usafi kutoka Uingereza. Wakazibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya nyumba, wakaondoa mizoga, na hata katika mfereji uliowaletea wagonjwa maji ya kunywa wakakuta farasi aliyekufa. Mwezi wa Juni waliokufa walikuwa 2 tu katika kila 100. Bibi Nightingale aliporudi kwao mwaka 1856, akiwa mgonjwa na amechoka, aliketi pamoja na Bwana William Farr, mjuzi wa hesabu za vifo, wakazipekua hesabu zile. Hapo akaona kwamba wengi mno hawakuuawa na risasi za Warusi, bali na uchafu wa hospitali, wakiwemo wale waliolala katika vyumba alivyovizungukia na taa yake.

Fikirini, ndugu, uzito wa habari hiyo kwake. Nchi nzima ilikuwa ikimwimbia nyimbo, naye hesabu zikimwambia kwamba huruma yake na bidii yake ya usiku na mchana hazikutosha. Angeweza kunyamaza. Lakini alizichapa hesabu, akazichora katika picha za duara zenye rangi ili hata watu wakubwa wasiopenda kusoma wazione, akazipeleka mbele ya serikali. Sisi twaamini kwamba mwalimu wa wauguzi alizaliwa siku zile, si Scutari. Aliyekubali kuambiwa mwenyewe ndiye aliyepata haki ya kuwaambia wengine.

Kabla ya kufungua shule aliandika kitabu kidogo juu ya uuguzi, kisichowalenga wauguzi peke yao, ila kila mwanamke mwenye mgonjwa nyumbani. Watu hudhani ni kitabu cha madirisha na sabuni, na kweli vimo. Lakini yamo pia mengi juu ya kusema na mgonjwa. Anaonya watu wasisimame nje ya mlango wakinong'onezana juu ya mgonjwa, maana atasikia nusu na kuitisha roho yake kwa nusu asiyoisikia. Anataka mtu anayesema na mgonjwa aketi mbele yake, mahali ambapo mgonjwa hana haja ya kugeuza kichwa. Asiseme naye kwa nyuma, wala kutoka mlangoni, wala huku akitembea kama mwenye haraka. Asiegemee kitanda wala kukitikisa. Anawakemea wale wanaomwambia kila mgonjwa kwamba atapona upesi, ilhali hawajui ugonjwa wake. Faraja ya namna hiyo, asema, humwacha mgonjwa peke yake na hofu yake, kwa kuwa hana tena wa kumweleza ukweli.

Halafu anafika kwenye maswali. Asema kwamba swali la kumwuliza mgonjwa kama amelala vizuri si swali, kwa kuwa linabeba jibu lake ndani. Uliza amelala saa ngapi, na kati ya saa ipi na saa ipi. Usiulize kama anakula. Uliza amekula nini asubuhi, na ameacha kiasi gani.

Hapa twaomba msomaji aiweke Uingereza kando kidogo aje nasi mpaka kwetu. Tangu dhahabu ilipoanza kuchimbwa Geita katika miaka ya 1930, na tangu Bwana Williamson alipopata almasi Mwadui mwaka 1940, nchi hii ya Shinyanga na Geita imejaa watu kutoka kila upande. Katika wodi moja utamkuta Msukuma, Msumbwa, Mzinza na Muha, na muuguzi mwanafunzi labda ametoka Mbeya au Kilimanjaro. Fikirini kijana anayefanya kazi kwenye karasha, mahali mawe yanaposagwa kuwa unga, au anayeshuka duarani kila siku. Vumbi la mawe linaingia kifuani, linaumiza mapafu na kuufungulia njia ugonjwa wa kifua kikuu. Kijana huyu anakuja akikohoa. Mwanafunzi amesimama mlangoni na daftari yake, anauliza kwa sauti kama anaendelea vizuri. Atajibu nini? Atasema vizuri, maana ndivyo adabu inavyomfundisha, na tena anaogopa kwamba wenzake wa duara wakisikia habari ya kifua watamwondoa kazini. Imeandikwa kwamba anaendelea vizuri. Anarudi machimboni, na anawakohoa wenzake katika kibanda cha turubai.

Au mama mzee kutoka kijijini, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu. Yuko kitandani, na binti wa umri wa mjukuu wake anamjia bila salamu, anamvuta mkono apime homa, anamwuliza habari za tumbo lake mbele ya wanaume wanaotazama wagonjwa wao. Mama hajibu. Binti anaandika kwamba mgonjwa ni mkaidi. Laiti angaliinama kidogo akasema mwangaluka mayu, akangoja salamu irudi, angalipata habari zote za tumbo na za nyumbani pia. Katika mambo hayo mawili elimu ya dawa ya mwanafunzi haikupungua. Alikosa tu mtu wa kumwambia. Msimamizi ambaye labda aliona, alipita na shughuli zake, au alingoja akaandika mwisho wa muhula kwamba mwanafunzi huyu hana lugha nzuri. Maneno hayo hayamfundishi kitu. Lugha gani? Siku gani? Kwa mgonjwa yupi? Mtu hawezi kutubia kosa asilolijua.

Turudi London. Watu wa Uingereza walikuwa wamechanga fedha za shukrani, zaidi ya pauni 44,000, na Bibi Nightingale akazitumia kufungua shule ya wauguzi katika hospitali ya Mtakatifu Tomaso, London, mwaka 1860. Walianza wanafunzi 15, wakasoma mwaka mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, hatoki chumbani ila mara chache, kwa hiyo shule ilisimamiwa na mkuu wa wauguzi wa hospitali, Bibi Wardroper. Pamoja naye ilitengenezwa karatasi kubwa yenye safu nyingi, na kila mwezi kila mwanafunzi alipimwa humo. Upande mmoja ulikuwa wa tabia: kuja kwa wakati, utulivu, uaminifu, unadhifu wa mwili na mavazi. Upande wa pili ulikuwa wa kazi: kuvaza vidonda, kufunga bendeji, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kupika chakula cha wagonjwa, kuchungua hali ya mgonjwa na mengine mengi. Kila jambo lilipewa alama, tangu bora sana mpaka sifuri.

Katika siku zile jambo hilo lilikuwa jipya kabisa. Hapo kwanza muuguzi alihesabiwa mwema au mbaya kwa jumla, kama vile watu wasemavyo juu ya ng'ombe mnadani. Sasa mtu aliweza kuwa bora katika bendeji na dhaifu katika utulivu, na udhaifu ule ukaitwa jina lake, ukapata mahali pa kuanzia kutengenezwa.

Lakini karatasi ilikuwa na kasoro, na kasoro yake ilichukua zaidi ya miaka kumi kuonekana. Ilikwenda juu, kwa kamati ya shule, ambao walitazama safu zilizojazwa vizuri wakaridhika. Kumbe Bibi Wardroper alikuwa na hospitali nzima mikononi mwake, hakuwa na nafasi ya kumwona kila mwanafunzi akisema na mgonjwa. Na daktari aliyelipwa awafundishe wanafunzi alikuwa ameacha kuwafundisha kwa muda mrefu. Mnamo mwaka 1872 Bibi Nightingale, baada ya kushughulika miaka mingi na mambo ya jeshi na ya Bara Hindi, aliichunguza shule yake mwenyewe, akaona kwamba wauguzi wenye jina lake wanatoka humo bila kufundishwa ipasavyo. Kwa mara ya pili katika maisha yake akaambiwa kwamba kazi iliyosifiwa ina uozo ndani, na kwa mara ya pili hakuuficha.

Alifanya nini? Hakuitupa karatasi. Akaongeza kile kilichokosekana, yaani mazungumzo ya mtu na mtu. Akaweka sista wa nyumba ya wanafunzi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa nao, kuwarudisha katika masomo yao na kuwasikiliza jioni. Wanafunzi wakaandika daftari za kila siku, kazi walizofanya na wagonjwa waliowaona, na daftari zile zikafika kitandani kwa Bibi Nightingale, naye akazisoma. Kisha akaanza kuwaita mmoja mmoja nyumbani kwake kunywa chai. Alimkalisha mwanafunzi karibu naye, akamwuliza habari za wodi yake kwa maswali yale yale aliyofundisha kumwuliza mgonjwa: siyo kama mambo yanakwenda vizuri, bali jana usiku mlikuwa wangapi, nani alimgeuza yule mgonjwa, alisema nini, ulijibu nini. Mwanafunzi alipokwisha kuondoka, aliandika aliyoyasikia. Aliandika pia habari za tabia zao, na baadhi ya maandishi hayo ni makali kupita kiasi. Mtu akiyasoma leo hushukuru kwamba hakuitwa kunywa chai ile. Hatumfanyi mtakatifu asiye na kosa. Aliwachosha rafiki zake kwa kazi, na mara nyingine aliwahukumu watu kwa ukali usio wa lazima.

Hata hivyo jambo moja lilizuia ukali wake usiwavunje moyo wanafunzi. Tangu mwaka 1872 aliwaandikia barua ya pamoja, karibu kila mwaka, na ndani yake alijihesabu kuwa mmoja wao. Aliwaambia kwamba katika kazi hii asiyesonga mbele kila mwaka na kila wiki amekwisha kurudi nyuma, na kwamba yeye mzee wao bado anajifunza. Wanafunzi walijua ya kuwa maneno hayo si mapambo. 

Walimu wa Injili watakumbuka habari za Apolo katika Matendo ya Mitume. Alikuwa mtu wa maneno, mwenye bidii na ujuzi wa Maandiko, ila ujuzi wake ulikuwa na upungufu. Prisila na Akila walimsikia akihubiri. Hawakumkatiza mbele ya watu, wala hawakumpelekea Paulo barua ya kumshitaki. Walimchukua kwao wakamweleza mwenyewe, tena juu ya jambo lile lile alilopungukiwa. Na tusisahau kwamba Apolo alikubali kufundishwa na mafundi wa mahema. Chai ya Bibi Nightingale ilikuwa na kitu cha nyumba ile.

Shule yake ilituma wauguzi mpaka Australia, Kanada na Marekani, na vyuo vingine vikafuata mfano wake. Kwa upande wetu wa kanisa mto ulishuka kwa njia nyingine. Kutoka Kaiserswerth masista walikwenda mwaka 1869 kuanzisha nyumba ya Sarepta huko Bethel, na kutoka Bethel masista wakaja Usambara katika miaka ya 1890 na baadaye, wakafundisha wasichana wa hapo kuosha vidonda na kulea watoto. Kwa hiyo Mlutheri wa Tanzania akisoma habari za Bibi Nightingale, anasoma habari za jamaa aliyelelewa, ingawa kwa miezi michache, katika nyumba moja na bibi zake wa imani.

Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ndugu zetu wa Africa Inland Church wana hospitali na chuo cha wauguzi, na vyuo vingine viko katika kanda hii. Siku hizi walimu wa uuguzi hutumia njia ambayo Bibi Nightingale angeipenda: mwanafunzi mmoja hujifanya mgonjwa, mwingine humhoji, wenzao hutazama. Yakiisha, aliyehoji husema kwanza yeye mwenyewe alivyojiona, kisha aliyekuwa mgonjwa husema alivyosikia moyoni, kisha mwalimu hutaja jambo moja au mawili aliyoyaona kwa macho, na zoezi hurudiwa papo hapo. Hufaa sana. Lakini mwanafunzi anayejifanya mama mzee wa Kisukuma si mama mzee wa Kisukuma, na katika jambo hilo washarika wana kitu cha kutoa. Mkilazwa, au mkimpeleka mzazi wenu, na binti wa chuo akawasemesha vizuri, mwambieni alichofanya kikawafaa. Akikosea, mwambieni kwa upole, mkimtajia neno lenyewe. Wengi wetu hunyamaza wodini, kisha husema yote njiani kurudi nyumbani, ambako hayamsaidii mtu. Na wazee wa usharika wanaowatembelea wagonjwa nao wajipime, maana tumewasikia wengine wakisali kitandani kwa mtu kwa sauti ya kuhubiria uwanjani.

Miaka ya mwisho ya Bibi Nightingale ilikuwa ya giza. Macho yake yalikufa, kisha kumbukumbu ikafifia. Mwaka 1907 Mfalme wa Uingereza alimpa nishani ya heshima ambayo mwanamke hakuwahi kupewa kabla yake, na wakati huo hakuweza tena kufahamu sawasawa jambo lililokuwa likitendeka. Alifariki usingizini London, tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Serikali ilitaka azikwe katika kanisa kuu la Westminster pamoja na wafalme, lakini jamaa zake walishika alivyoagiza, wakamzika katika kijiji cha East Wellow, karibu na nyumba ya utoto wake, na askari sita wakalibeba jeneza. Juu ya jiwe la kaburi yeye ameandikiwa herufi mbili tu za jina lake, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa.